MCHORO KABLA YA PROGRAMU

Nimepewa ukurasa huu niwaeleze jambo linalowatisha wengi katika somo la kompyuta (wanachama mnaoshikilia "tarakilishi", niwieni radhi). Jambo lenyewe ni michoro. Sisemi ile ya somo la Sanaa, bali ile ya mistatili na mishale ambayo mradi wa KCSE unaidai. Kuna wenzetu ambao huandika programu yote kwanza, halafu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ndipo wanachora, ili mwalimu aridhike. Hiyo ni sawa na kumlipa fundi achore ramani ya nyumba ambayo tayari imeezekwa mabati!

Mbona basi tuchore? Tuchukue mfano ambao kila mtu hapa Kakamega anaujua, yaani M-Pesa.

Mtu yuko Nairobi, anamtumia nyanya yake wa Shinyalu shilingi 500. Kwa macho yetu, huo ni mshale mmoja tu. Sasa chukua karatasi. Juu yake andika majina manne kwa safu: mtumaji, rununu yake, mitambo ya M-Pesa, rununu ya nyanya. Chini ya kila jina teremsha mstari wa vinukta. Kila ujumbe uchore kama mshale kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na kadiri unavyoshuka karatasi ndivyo wakati unavyosonga. Mtumaji anaandika nambari, kiasi na PIN. Rununu inapeleka ombi. Mitambo inakagua PIN, inaangalia salio, inapunguza huku na kuongeza kule, kisha ujumbe wa kuthibitisha unawaendea wote wawili. Mchoro wa namna hii huitwa mchoro wa mfuatano.

Utazame vizuri. Hakuna mshale hata mmoja unaotoka rununu hadi rununu. Yote inapitia mitambo ya katikati. Na hadi mwaka wa 2015 mitambo hiyo ilikuwa Ujerumani! Nyanya wa Shinyalu alikuwa anapokea pesa zilizopigiwa hesabu Ulaya, na wala hakujua.

Sasa weka kidole juu ya kila mshale, uulize: je, huu usipofika? Ombi la kwanza likipotea hewani, hakuna pesa iliyosonga; mtumaji atajaribu tena. Lakini ukipotea ule ujumbe wa kuthibitisha, mambo ni tofauti kabisa. Pesa zimeshaenda, ila mtumaji anaangalia simu iliyonyamaza. Anadhani haijaenda, anatuma tena, na 500 zinakuwa 1,000. Kwa hivyo mbunifu anajua mapema kwamba kupunguza na kuongeza lazima viwe tendo moja, vifanyike vyote au kisifanyike chochote. Kwamba kila muamala uwe na nambari yake. Na kwamba mteja awe na njia ya kuuliza salio kabla hajarudia. Ukiandika kwa maneno "mfumo utatuma pesa", sentensi ni tamu na haina tundu. Ukiuchora, tundu unaliona.

Kuna mchoro mwingine ambao hata mtoto wa darasa la tatu anauweza: watu wa vijiti kando, na mayai katikati, kila yai likibeba kazi moja ambayo mtu anataka afanyiwe. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka wa 2005, ilikusudiwa wakopaji wa shirika la mikopo midogo la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribu wakaanza kufanya yao. Wengine waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walipofika, na wengine wakawa wanalipana wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wazo lililotangazwa lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Sisemi wabunifu wake waliichora hivi. Lakini mimi nikiichora, naona yai la mkopo likisogezwa kando na mayai mapya yakijaa katikati, na yote yametoka kwa wale watu wa vijiti.

Michoro hii si mipya. Goldstine na von Neumann walichora chati mtiririko za programu mwaka wa 1947, na lugha ya michoro iitwayo UML ilikubaliwa kuwa kawaida ya pamoja mwaka wa 1997. Alama zake ni nyingi kupita kiasi, kwa maoni yangu. Mistatili, mishale na watu wa vijiti vinatosha mradi wa kidato cha nne.

Karatasi yangu niliipeleka kwa shangazi, ambaye ni wakala wa M-Pesa mjini. Yeye hajui programu hata kidogo. Nilimwachia mstatili mtupu wenye jina "wakala", nikampa penseli. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mtu akija kutoa pesa, floti yangu inapanda lakini droo inashuka. Sasa droo ikiwa tupu, huyu mteja utampeleka wapi?" Akachora mshale unaorudi nje ya duka. Akaongeza na kitambulisho, na daftari la kutia sahihi. Mistari ya programu asingeisoma, lakini mchoro aliusahihisha kwa dakika tano.

Kwa hivyo, ewe unayetaka kutengeneza mfumo wa maktaba, mpelekee mtunza maktaba mchoro wako wiki hii, kabla hujagusa kibodi. Muulize kitabu kikipotea mshale unakwenda wapi, na mwanafunzi akihama shule je? Wangu wa maktaba yetu nimeubandika kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili. Penseli nimeifunga kwa uzi pembeni, tafadhali msiondoke nayo.