Je, Mitume Wangalipo?



Kila tunaposema Kanuni ya Imani ya Nikea, twakiri kwamba Kanisa ni la mitume. Kisha tukitoka barabarani twakuta mabango yenye picha ya mhubiri, na mbele ya jina lake limeandikwa neno "Mtume". Wengi wametuuliza: Je, mitume wangalipo? Na kama wapo, kwa nini sisi Waanglikana hatuna? Swali hili ni jema, nalo lataka jibu la Maandiko, si la dharau. Basi chukueni Biblia zenu, tujifunze pamoja.

1. Neno lenyewe

Katika Kiswahili, kiumbe ni kilichoumbwa, na mteule ni aliyeteuliwa. Vivyo hivyo mtume ni aliyetumwa. Neno la Kiyunani "apostolos" lina maana hiyo hiyo. Mtu hajitumi mwenyewe. Yuko aliyemtuma, na uko ujumbe aliopewa. Ndiyo maana Waebrania 3:1 yamwita Bwana Yesu mwenyewe Mtume, kwa kuwa alitumwa na Baba.

Tena lugha yetu ina neno jingine litokalo katika shina lile lile, nalo ni mtumwa. Someni Warumi 1:1. Paulo ajitaja kwanza kuwa mtumwa wa Kristo, ndipo ataja utume wake. Utaratibu huo tusiusahau.

2. Wale Kumi na Wawili

Bwana aliwachagua kwa mambo mawili: wakae pamoja naye, kisha awatume (Marko 3:14). Yuda alipoanguka, Petro alieleza sifa za mtu wa kushika nafasi yake: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hata Bwana alipopaa, apate kuwa shahidi wa kufufuka kwake (Matendo 1:21-26). Mathiya akachaguliwa. Lakini Herode alipomwua Yakobo ndugu wa Yohana (Matendo 12:2), hatusomi kwamba alitafutwa mtu wa kumrithi. Paulo naye alihesabiwa kwa sababu alimwona Bwana aliyefufuka, naye asema ya kuwa alitokewa mwisho wa wote (1 Wakorintho 15:8).

Waefeso 2:20 yafundisha kwamba mitume na manabii ni msingi wa nyumba ya Mungu, na Kristo ni jiwe kuu la pembeni. Kila fundi ajua kwamba msingi huwekwa mara moja. Akifika usawa wa madirisha hachimbi msingi mwingine. Kwa maana hii, mitume kama wale Kumi na Wawili hawapo tena, wala hatujaachwa maskini, maana ushahidi wao tunao katika Agano Jipya.

3. Waliotumwa na Kanisa

Hata hivyo Agano Jipya hulitumia neno hili kwa upana zaidi. Barnaba aitwa mtume (Matendo 14:14). Katika Wafilipi 2:25 Epafrodito naye aitwa kwa neno hilo hilo la Kiyunani. Yeye alifanya nini? Alimpelekea Paulo msaada kifungoni, akaugua karibu kufa. Kazi ya namna hii haikukoma.

Kulinda mafundisho ya mitume kumekabidhiwa maaskofu hasa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliagiza kwamba askofu awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua watatu, na kwa hiyo hakuna awezaye kujiweka mwenyewe. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Uganda, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Waafrika wanne. Miongoni mwao walikuwa Yohana Omari wa Tanganyika, na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Walipokea amana, hawakuianzisha.

Tena tumkumbuke Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyekubali kutumwa Mboga katika nchi ya Kongo mwaka 1896. Alipigwa, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa akarudi kule kule. Alifariki Mboga mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, ambako kazi ilikuwa bado. Wengine ndio waliomwita mtume wa watu wa msituni.

4. Kuwapima

Hatusemi kwamba kila aitwaye mtume leo ni mwongo. Wako wampendao Bwana kweli. Lakini kupima si dhambi. Kanisa la Efeso lilisifiwa kwa kuwapima waliojiita mitume (Ufunuo 2:2). Didake, kitabu cha Wakristo wa kwanza, chaonya kwamba mtume aombaye fedha ni wa uongo. Basi tuulize: Ni nani aliyemtuma? Yuko wa kumwonya akikosea? Amhubiri Kristo au nafsi yake? Atoa bure, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 10:8, au auza maji na mafuta ya maombezi?

5. Na sisi je?

Somo lingeweza kuishia hapo, nasi tungerudi nyumbani tumeridhika. Lakini yako mengine. Mama mmoja, muumini wetu wa miaka mingi, alituacha akamfuata mmoja wa hao waitwao mitume. Tulikwenda kumwonya, tukiwa na aya nyingi kati ya hizi. Alitusikiliza kwa adabu, akatuandalia chai, kisha akasema: "Walimu wangu, niliugua miezi minne. Wale walikuja kunitekea maji. Ninyi mmekuja leo."

Hatukuwa na aya ya kumjibu. Msingi wetu ni wa mitume, lakini hatukumtuma kwake hata Epafrodito mmoja.

Ndugu, Kanisa la mitume si lile lenye kukumbuka mitume tu. Ni Kanisa linalotuma na kukubali kutumwa (Yohana 20:21). Mwisho wa ibada ya Ushirika Mtakatifu twaambiwa twende kwa amani. Neno hilo si ruhusa ya kwenda kupika chakula cha mchana tu, twatumwa. Anayemtekea mgonjwa maji hahitaji bango. Yatosha awe mtumwa kwanza, kama Paulo.

Maswali ya kuzungumza nyumba kwa nyumba

1. Kuna tofauti gani kati ya utume wa Petro na ule wa Epafrodito?
2. Kwa nini Paulo alitaja utumwa wake kabla ya utume wake?
3. Ni nani katika ujirani wetu ambaye hajaonekana kanisani mwezi huu? Nani atatumwa kwake, na siku gani?

Swali la tatu lisijibiwe kwa maneno matupu.