Sakafu ya ghala: kabla hamjatoa hela ya rangi ya epoksi, pimeni unyevu kwanza

Mavuno ndiyo hayo yanaingia, na viongozi wa vyama wameanza kuniuliza swali lile lile la kila mwaka: "Mtaalamu, tukipaka epoksi sakafu ya ghala letu, mahindi si yatakuwa salama?" Jibu langu ni kwamba inategemea unyevu unatoka wapi. Leo tulichambue hili pole pole, maana ni jambo la hela nyingi na ukikosea hasara yake haiishii kwenye rangi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita chama kimoja ninachokihudumia kilikuwa na ghala la mita 20 kwa 10. Sakafu ilikuwa ya zege la zamani, niru imechakaa, inatoa vumbi, na kwenye nyufa wadudu wamejaa. Wakaniuliza, nikawaambia pakeni epoksi. Fundi akaja mwezi wa kumi, jua kali, sakafu kwa macho kavu kabisa. Ilipendeza kama ya hospitali. Na kwa sababu ilipendeza, wakaona chaga hazina kazi tena, magunia yakapangwa chini moja kwa moja kusubiri bei ya mwezi wa pili.

Mwezi wa pili ulipofika, mvua zilikuwa zimeshakolea. Tulipofungua mpango wa magunia, rangi ilikuwa imefura malengelenge, ukibonyeza linatoka maji. Magunia ya chini yameloa na kuota ukungu. Na ya chini ni ya nani? Ni ya wale walioleta mapema, yaani waliotuamini kwanza. Kikao cha siku ile sitakisahau. Nilisimama nikasema ushauri ulikuwa wangu na sikupima. Ndiyo maana naandika somo hili.

1. Epoksi ni kitu gani hasa

Epoksi siyo rangi ya kawaida inayokauka kwa maji kuruka hewani. Inakuja kwenye makopo mawili: moja lina rangi yenyewe, lingine lina hadina. Ukichanganya, vinashikana kikemia na kuwa kitu kigumu kama plastiki kilichong'ang'ania zege. Faida zake kwenye ghala ni za kweli: vumbi la simenti linaisha, sakafu inafagilika vizuri, nafaka iliyomwagika haibaki kwenye vitundu kulea fukusi na dumuzi, na toroli halichimbi sakafu. Kwenye storo ya mbolea pia inasaidia, maana mbolea zenye amonia, kama SA na CAN, zikimwagika na kupata unyevu zinakula zege.

Ila epoksi haikaushi sakafu. Shika hilo. Inafanya kazi ya kufunika. Kama maji yanapanda kutoka ardhini, umeweka kifuniko juu ya sufuria inayochemka: mvuke utasukuma mpaka kifuniko kiinuke.

2. Kipimo cha nailoni

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Chukua nailoni nzito inayoonesha, kata kipande cha sentimita 45 kwa 45. Fagia sakafu, kilaze, kisha ziba kingo zote nne kwa selotepu pana isipitishe hewa. Acha saa 16 au zaidi. Mimi naacha usiku na mchana. Ukifungua, angalia mambo mawili: je, kuna matone chini ya nailoni? Je, zege limegeuka rangi na kuwa jeusi zaidi kuliko la pembeni? Kimojawapo kikitokea, usipake.

Weka vipande kadhaa: katikati, kwenye kona, na karibu na ukuta unaopokea maji ya paa. Na hapa ndipo nilipokosea: pima wakati wa mvua. Sakafu ya mwezi wa kumi inadanganya. Kama una haraka na ni kiangazi, muulize aliyejenga kama waliweka nailoni chini ya jamvi kabla ya kumwaga zege. Kama hakuna anayejua, chukulia haipo. Zege jipya nalo lisubiri angalau siku 28.

3. Kipimo kikionesha unyevu

Usikate tamaa, fuata mpangilio huu kuanzia lenye gharama ndogo.

Kwanza tazama nje. Mara nyingi maji ya bati yanamwagika pembeni ya msingi na ardhi imeinamia ghala. Weka gata, chimba mtaro, inamisha ardhi maji yaende mbali. Subiri mvua zinyeshe, kisha pima tena. Kuna maghala yanapona kwa hatua hii tu.

Pili, kama bado, tandika nailoni ya ujenzi ya geji 1000 juu ya sakafu ya zamani, ipandishe kidogo ukutani, maungio yapandane vizuri, kisha mwaga zege jipya juu yake. Ni kazi kubwa, ila ndiyo inayokata mzizi. Zipo pia praima maalumu za kuzuia unyevu, lakini bei yake ni kubwa na zinataka fundi aliyezizoea.

Tatu, kama hela hakuna mwaka huu, acha epoksi kabisa. Ziba nyufa, nunua au tengeneza chaga za mbao, na hela iliyobaki nunua turubai na kipima unyevu cha nafaka. Mahindi ya mwanachama yatalala salama.

4. Kipimo kikionesha pakavu: kazi ya kupaka

Mafundi wengi wanaharibu kwenye maandalizi. Epoksi inang'ang'ania kile ilichokuta. Ikikuta vumbi, inashika vumbi. Kwa hiyo:

- Ondoa ule utando laini wa simenti wa juu kwa grinda ya zege mpaka sakafu iwe na ukwaruzo kama msasa. Wengine wanatumia asidi. Inawezekana, lakini unamimina asidi kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi, na baadaye lazima uoshe sana na usubiri pakauke upya.
- Madoa ya oili na dizeli yasafishwe kwa sabuni kali kabla ya kukwaruza. Kisha dondosha maji: yakinywewa, sawa. Yakibaki yamejikusanya kama tone kwenye jani la mgomba, bado pana mafuta au utando.
- Ziba nyufa na mashimo. Fagia, halafu fagia tena. Kama kuna mashine ya kunyonya vumbi, bora zaidi.
- Paka praima, kisha tabaka mbili. Ukichelewa kupita muda ulioandikwa kwenye kopo, piga msasa kabla ya tabaka linalofuata.
- Usipake asubuhi sakafu ikiwa na umande, wala mvua ikiwa inanukia.

Uchanganyaji ufuate kipimo cha kopo, usikadirie kwa jicho. Hadina ikizidi au ikipungua, sakafu itabaki inanata. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu baada ya kuchanganya una nusu saa hivi, na kwenye joto ni chini ya hapo. Ikirundikana kwenye ndoo inapata moto na kuganda na brashi ndani yake. Kwenye njia wanapopita wabebaji, nyunyiza mchanga msafi mkavu kwenye tabaka bichi, maana epoksi ikiloa inateleza, na mtu mwenye gunia la kilo 100 begani akianguka hapo ni maafa.

Baada ya siku moja unaweza kukanyaga. Magunia yasubiri siku 7, na harufu iwe imeisha kabisa.

5. Hesabu ya lita, usije ukaibiwa

Kanuni ni rahisi: lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Ghala la mita 20 kwa 10 ni mita za mraba 200. Ukitaka unene wa milimita 0.3 unahitaji lita 60, bila praima na bila ile inayobaki kwenye ndoo. Fundi akikwambia lita 20 zinatosha ghala zima, anakupaka rangi ya macho. Na kama nusu ya kopo ni thina, hiyo nusu itaruka hewani, kwa hiyo unene ule ule utataka lita 120. Ndiyo maana kopo la bei rahisi linaweza kuwa ghali. Kwa storo ya chakula chagua isiyo na thina, na muuzaji aoneshe maandishi kwamba inafaa sehemu za chakula.

6. Tahadhari

Fundi avae glavu na miwani, milango na madirisha yawe wazi, moto na sigara viwe mbali. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, usitumie thina. Wapo mafundi ambao ngozi imeshaikataa kabisa, wakigusa kidogo tu wanavimba. Na usipake kwenye uwanja wa kuanikia: jua linaifanya ipauke na kuwa unga.

7. Chaga haziondoki

Hata sakafu ikiwa nzuri kiasi gani, magunia yakae juu ya chaga, mita moja kutoka ukutani, na nafaka iingie ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumu hii. Kwa hiyo gunia lililoloa na kuota ukungu usilisage, wala usiwape kuku na ng'ombe.

Chama kile kimeshachimba mtaro na kurudisha chaga. Epoksi bado hawajarudia, na mimi siwaharakishi. Msimu wa mvua ukifika, tutaanza na vipande vya nailoni.