Kobe wa Kijito cha Mjini

Baharini yupo kasa, nchi kavu yupo kobe. Katika vijito vya miji ya Marekani yupo pia kobe wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Huyu huhitaji mahali patatu: gogo la kuotea jua, kwa kuwa mwili wake haujitengenezei joto la kutosha, maji yenye kina ya kupitishia majira ya baridi, na udongo mkavu wa kutagia mayai. Watu wakiondoa magogo na kujenga kingo kwa saruji, kobe hukosa makazi ingawa maji yapo. Mwezi Juni kobe jike huvuka barabara akitafuta pa kutagia. Wazazi, punguzeni mwendo.

Zoezi: Mpigie simu bibi au babu, umweleze kila mahali ni pa nini.