KUVU ZA UDONGO, TOKA BUNIA MPAKA EPULU

Mvua ikinyesha siku mbili tatu tunaona uyoga, nasi tunasema umeota usiku mmoja. Sivyo. Uyoga ni kama tunda tu. Kuvu yenyewe iko chini, nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Kuvu zingine zinaozesha majani. Zingine zinashikana na mizizi: zinaipa fosfori na maji, nazo zinapewa sukari. Mwaka 1885, A. B. Frank wa Ujerumani aliuita ushirika huo mikoriza.

Lakini kuvu hazifanani pahali pote. Hapa Bunia, katika mashamba ya mahindi, maharagi na mihogo, zinaingia ndani ya seli za muzizi. Bila mikroskopi hamutaziona. Muhogo unazitegemea sana, kwa sababu vinywele vya mizizi yake ni vichache na vifupi.

Sasa tushike njia ya Komanda na Mambasa mpaka Epulu. Kule kuna misitu miwili, jirani kabisa: mmoja miti imechanganyika, mwingine karibu miti yote mikubwa ni mbau. Miaka ya 1990 watafiti walipima miti ya hektari 20 kwa Edoro (mchanganyiko) na 20 kwa Lenda (mbau). Kuvu za mbau zinavalisha ncha za mizizi kama soksi. Kwa lenzi ya mukono munaziona. Chini yake kivuli ni kizito, majani yanaoza polepole, azoti ni kidogo.

Je, kuvu ndizo zinafanya mbau itawale? Wengine walifikiri hivyo. Lakini Julbernardia iko nazo za namna hiyo, na inaishi katika msitu mchanganyiko bila kutawala. Sisi tunaona kivuli, majani na ile mbegu nzito vinasaidiana nazo.

Mbegu hiyo inaanguka karibu na mama, na muche unakuta kuvu tayari. Mutu akikata na kuchoma msitu kwa kulima, kuvu hizo zinapoteza mizizi ya kuzilisha. Mahindi yanataka namna ingine. Katika Afrika ya Mashariki miche ya misonobari ilidumaa mpaka ilipoletewa udongo wa misonobari mikubwa. Basi anayetaka kujaribu mbau huku kwetu asilete mbegu tupu: alete pia udongo kidogo wa chini ya mama yake, mubichi, usiokauka njiani.