Simu ya Msaada Usiku Unapolemewa

Hifadhi nambari ukiwa bado na nafuu. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wanaoniuliza nilivyovuka unyogovu, maana akili ikishazidiwa, hata kutafuta nambari kwenye intaneti huwa mzigo. Mimi ninazo mbili: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, isiyotozwa hela, na 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Aliye chini ya miaka 18, awe Kenya au Tanzania, apige 116 bila malipo.

Kinachowazuia wengi ni sentensi ya kwanza. Utamwambia nini mtu usiyemjua? Niliandika yangu kwenye karatasi, “Nina hali mbaya na naogopa kubaki peke yangu usiku huu,” nikaisoma vilevile nilivyoiandika. Jina sikutaja. Sauti ikikwama, lia tu. Aliye upande wa pili atakungoja.

Utaulizwa waziwazi kama unafikiria kujiua. Swali hilo lilinishtua, kisha nikapumua, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyelitamka. Watu husema kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo baya. Si kweli, na Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo mara nyingi. Jibu ukweli. Kama umeshaazimia kujidhuru, au uko hatarini saa hiyohiyo, anza na hilo kabla ya lolote, kisha umwite jirani au ndugu akae nawe, au akupeleke hospitali iliyo karibu.

Wakenya wengi walinyamaza kwa kuhofia polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulichelewa mno, nami naushukuru kwa moyo wote.

Huenda simu isipokewe. Iliwahi kunitokea, na usiku kimya cha namna hiyo huuma. Usikichukue kuwa jibu. Piga nambari ya pili, kisha urudie ya kwanza.

Kabla ya kuagana na mshauri, muulize kesho uende wapi. Mimi nilielekezwa kliniki ya afya ya akili, na huko ndiko nilikopata dawa na ushauri nasaha vilivyonirudisha kazini baada ya miezi mingi. Jijini Nairobi ipo Hospitali ya Mathari, na hospitali nyingi kubwa za kaunti zina huduma hiyo. Simu yenyewe haikunitibu. Ilinifikisha asubuhi nikiwa hai.

Nawe unayemwona mwenzako akififia, keti kando yake anapopiga. Usimjibie, wala usimharakishe. Akikataa kupiga, piga wewe uulize umsaidieje.