Namna ya Kuikagua Seva ya Tovuti Uliyokabidhiwa

Aghalabu mwenye hoteli wa Malindi au Watamu anikabidhipo tovuti yake hunipa jina la kuingilia na neno la siri tu, asijue programu zilizomo ndani ya seva, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamlazimu kuzilinda habari za wageni wake. Hapo yanipasa niiulize seva yenyewe.

Kwanza huingia kwa SSH na kulisoma faili la /etc/os-release, nipate kuyakinisha mfumo uliopo, maana amri hutofautiana. Katika Debian na Ubuntu, amri ya "apt list --installed" huorodhesha kila kifurushi kilichowekwa, na "apache2ctl -M" hubainisha moduli ambazo Apache imezipakia hasa. Wenye Nginx hutumia "nginx -V", kwa herufi kubwa.

Ama PHP yataka hadhari zaidi. "php -v" hutaja toleo, na "php -m" moduli zake, lakini majibu hayo ni ya PHP ya kwenye mstari wa amri, ambayo yaweza kuwa mbali kabisa na ile inayowahudumia wasomaji wa tovuti. Kwa hiyo huandika faili dogo lenye phpinfo(), nikalipa jina lisilokisika, nikalifungua kwa kivinjari, nikayanakili yaliyomo, kisha nikalifuta papo hapo, kwani kuliacha ni kumchorea mwivi ramani ya nyumba.

Orodha ikishatimia, huilinganisha na ukomo wa kila toleo; PHP 7.4, kwa mfano, ilikoma kutunzwa na waundaji wake Novemba 2022. Walakini nambari peke yake si hoja ya kutosha: ilipofichuka kasoro ya Heartbleed Aprili 2014, Debian iliitibu OpenSSL pasipo kuliacha toleo la 1.0.1e, hata aliyeitazama nambari hiyo tu asingeweza kutambua kama seva yake imesalimika au la. Dawa ni kusoma historia ya kifurushi kwa "apt changelog openssl".

Moduli isiyotumiwa na yeyote huizima kwa "a2dismod", moja baada ya moja, nikiiwasha Apache upya na kuujaribu ukurasa wa kuwekea nafasi kila mara. Kazi hiyo huiweka miezi ya masika, hoteli zetu za pwani zikiwa na wageni haba, ili tovuti ikizimika kwa saa moja asipotee mteja.