Namba ya kalamu si cheti cha maji

Mito ya Eastlands imeanza kupungua, na kila kiangazi kikifika jumbe zinazonifikia huwa za sampuli moja. Mkulima wa Njiru ametuma picha ya kikalamu cha TDS kilichochovywa kwenye debe la maji ya Mto Nairobi, kioo kinasoma 412, na swali lake ni fupi: maji haya ni salama kwa sukuma wiki? Wa Mwiki ana 380 na tayari amewaambia wateja wake kwamba mboga zake zimepimwa. Wa Ruai ana 900, na dalali amemwambia mboga za 900 zina sumu, kwa hivyo atazichukua kwa nusu bei.

Nawajibu wote pamoja. Namba hiyo haijibu swali lenu, na dalali huyo hajui anachokisoma.

Kalamu ya TDS haipimi sumu wala haipimi chumvi yoyote kwa jina. Inapitisha umeme kidogo kati ya ncha mbili za chuma na kuangalia maji yanaupitisha kiasi gani. Kadiri ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinavyokuwa nyingi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Baada ya hapo kalamu inazidisha jibu kwa kizidishi ilichopewa kiwandani na kukuonyesha namba ya miligramu kwa lita. Ni kama kupima gunia kwenye mizani bila kulifungua: utajua uzito, hutajua kama ndani mna maharagwe au kokoto.

Na hicho kizidishi nacho hakifanani. Kalamu nyingine huzidisha kwa 0.5, nyingine kwa 0.7. Maji yale yale yenye upitishaji umeme wa 1,000 (µS/cm) yatasomeka 500 kwenye kalamu yako na 700 kwenye ya dalali, na nyote wawili mtakuwa mmepima sawasawa. Nimeona watu wakigombana kando ya shamba kwa tofauti hiyo, na anayeshindwa kila mara ni mkulima.

Kalamu ina kazi yake, siikatai. Ukiwa na kisima chenye chumvi, isome kwa kipimo cha upitishaji umeme, yaani EC. Mwongozo wa FAO unasema maji ya chini ya 0.7 dS/m (yaani 700 µS/cm) hayana neno kwa mimea, kati ya 0.7 na 3 uanze kuwa mwangalifu, na ukipita 3 utafute maji mengine. Anayekuza spinachi kwenye mabomba ya maji yenye mbolea bila udongo, kama vijana wengi wa Komarock na Umoja siku hizi, anaihitaji kalamu kila asubuhi ajue mbolea imekolea au imefifia. Hapo inafaa kabisa. Lakini kuichovya mtoni na kutangaza kwamba mboga ni salama ni kumdanganya mama mboga na watoto watakaokula.

Tufanye hesabu. Kadimiamu ni metali inayotoka kwenye betri, rangi na taka za viwanda, na mboga za majani huifyonza kwa wepesi kuliko madini ya risasi. FAO inashauri maji ya kunyunyizia yasipite miligramu 0.01 kwa lita. Kalamu yako inahesabu moja, mbili, tatu. Maji yenye kadimiamu mara kumi ya kiwango hicho hayataisogeza hata kwa tarakimu moja, maana 412 itabaki 412. Risasi nayo kalamu haiwezi kuitofautisha na chumvi nyingine. Mafuta ya gereji, dawa nyingi za wadudu na urea haziisogezi kalamu kwa sababu hazipitishi umeme. Minyoo na vijidudu vya kipindupindu usiviulize.

Na huku kwetu hatuzungumzii hatari ya kufikirika. Mto Ngong unapita Eneo la Viwanda na Mukuru kabla ya kuungana na Mto Nairobi upande huu wa mashariki. Mto Nairobi wenyewe unapita Gikomba, Kariobangi na Korogocho, kisha unapita ubavuni mwa jaa la Dandora, ambalo limekuwa likipokea taka za jiji tangu miaka ya 1970. Mwaka wa 2007 shirika la UNEP lilichapisha utafiti uliopima watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Udongo ulipimwa pia, ukakutwa na metali hizo. Wengi wetu tunalima nduma, napia na sukuma kwenye kingo za maji hayo hayo. Ndiyo maana nikiona mtu anaweka picha ya kalamu kwenye kundi la WhatsApp na kuandika "mboga zimepimwa", moyo huniuma.

Sasa wengine mmesikia kuna vipimo bora zaidi, na ni kweli. Kuna vihisi vinavyotambua ioni moja moja: kimoja cha nitrati, kingine cha potasiamu, kingine cha kalsiamu. Kiini chake ni utando mwembamba wa polima, mara nyingi PVC, ile ile ya mabomba yetu ya maji, ila imelainishwa kwa mafuta maalumu mpaka ikawa laini. Theluthi moja hivi ni PVC, theluthi mbili ni kilainishi, na kama asilimia moja ni molekuli yenye kazi ya kuikamata ioni moja na kuziacha nyingine. Kwa potasiamu hutumika valinomaisini, dawa inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Umbo lake ni duara lenye nafasi katikati inayoitosha potasiamu. Sodiamu ni ndogo zaidi na haikai humo vizuri, kwa hivyo kihisi huichagua potasiamu maelfu ya mara kuliko sodiamu. Wanasayansi wa Cardiff walichapisha utando wa kalsiamu wa PVC mwaka wa 1970, na tangu hapo teknolojia hii imeingia hospitalini, ambako potasiamu ya damu hupimwa kwa utando wa ukoo huo huo. Shambani imefika kwa njia ya vipimo vya mkononi kama vile vya kampuni ya Horiba ya Japani, ambavyo unavidondoshea matone machache tu.

Bei si mchezo. Kimoja ni makumi ya maelfu ya shilingi, wakati kalamu ya TDS ni elfu moja au mbili. Chama cha wakulima kumi au ishirini kinaweza kununua kimoja cha nitrati na kukizungusha, na sioni sababu ya mtu mmoja kujifilisi.

Kazi yake nzuri zaidi ni hii. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, chuma majani ya sukuma wiki yaliyokomaa karibuni, si yale ya chini yanayogeuka manjano. Ondoa bamba la jani, ubaki na vikonyo. Vikatekate, vikamue kwa kifaa cha kuminyia vitunguu saumu, udondoshe maji yake kwenye kihisi. Kitakuambia mmea wenyewe umekula nitrojeni kiasi gani. Fanya hivyo kila wiki kwenye kitalu kile kile na uandike. Namba ikiporomoka wiki mbili mfululizo, weka mbolea ya CAN. Ikiwa juu na haishuki, usimwage mbolea kwa kuwa jirani amemwaga, pesa yako inakwenda mtoni.

Angalia kipimo kinasema nini, nitrati au nitrojeni ya nitrati. Tofauti yake ni mara 4.4. Nitrati 220 ni nitrojeni 50 tu. Wauzaji wa mbolea wanazichanganya hizi mbili kila siku, na mkulima anaishia kuweka robo ya kinachohitajika, au mara nne yake.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye tabia mbaya ambayo nimeiona shamba baada ya shamba. Mtu ananunua kihisi cha bei hiyo yote, kisha anakitumia kama kalamu. Hakipimi kwanza kwenye maji yenye kiwango kinachojulikana. Kihisi hiki kinapima volti ndogo sana. Ioni za potasiamu au nitrati zikiongezeka mara kumi, volti inabadilika kwa milivolti 59 tu. Maana yake milivolti moja ikipotea, jibu lako limekosea kwa asilimia 4. Zikipotea tano kwa sababu ya joto la mchana au utando mchafu, umekosea kwa karibu asilimia 20, na kioo hakitakuonya, kitakuonyesha namba safi kabisa. Kwa hivyo kila siku ya kupima, kabla ya tone la kwanza la shamba, pitisha vile vimiminika viwili vya kulinganishia vinavyokuja nacho, cha kiwango kidogo na cha kiwango kikubwa. Vikiisha, nunua vingine. Anayekuambia kihisi chake hakihitaji kulinganishwa anataka kukuuzia, mwache.

Baada ya kila sampuli, suuza kwa maji yaliyotoneshwa. Kwenye petroli steshoni wanayauza kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri, usinunue asidi. Pangusa kwa tishu laini, kwa kugusa tu, bila kusugua. Usipanguse kwa spiriti, wala sanitaiza, wala petroli. Hivyo vinayeyusha kilainishi kilicho ndani ya polima na kihisi kinakufa siku hiyo hiyo. Hata ukikitunza vizuri, utando huchakaa kwa miezi kadhaa hadi mwaka hivi na hubidi kubadilishwa. Uliza bei ya utando wa akiba kabla ya kununua kifaa chenyewe.

Wa visima vya chumvi mjihadhari zaidi. Kihisi cha nitrati huchanganywa na kloridi. Kisima chako kikiwa na chumvi nyingi, kihisi kitasoma nitrati isiyokuwepo, utafurahi kwamba maji yana mbolea, na mboga zitabaki manjano.

Na nyinyi wa maji taka. Najua tabia ya kuziba bomba kuu la maji taka ili yafurike shambani. Watafiti waliiandika pale Maili Saba zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na bado ipo. Wengine wamechovya kihisi cha nitrati kwenye maji hayo, kikasoma chini, wakasema hayana mbolea nyingi wakaongeza CAN. Nitrojeni ya maji taka mabichi sehemu kubwa ni amoniamu, ambayo kihisi cha nitrati hakiioni. Ikishaingia udongoni, bakteria huigeuza kuwa nitrati, na hapo mmea unapata ya maji na ya gunia kwa pamoja. Majani yanakuwa makubwa, mororo na yenye maji, yanaoza kabla ya kufika soko la Marikiti. Lakini kabla hata ya habari ya mbolea, maji hayo yana mayai ya minyoo, na mboga inayoliwa bila kupikwa isiguswe nayo.

Kuhusu risasi na kadimiamu, mtauliza kwa nini tusinunue kihisi cha polima cha hizo. Maabarani vipo. Kikundi cha chuo kikuu cha ETH kule Zurich kilionyesha mwaka wa 1997 kwamba utando wa aina hii unaweza kunusa risasi katika viwango vidogo mno. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, kwa maji yaliyotayarishwa na mikono iliyozoea. Kwenye maji ya Mto Nairobi yenye matope, mafuta na sabuni, usimwamini mtu anayekuja na kifaa mfukoni na kusema kinasoma risasi. Dalali akikionyesha kifaa hicho ili apunguze bei, mwambie akuonyeshe vimiminika vyake vya kulinganishia. Akikosa, bei ibaki pale pale.

Metali zipeleke maabara. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO pale Kabete wanapima udongo na maji. Uliza mapema kama watapima metali nzito na bei yake, na mgawane gharama kama majirani wa ukingo mmoja, kwa sababu mnatumia maji yale yale. Omba chupa kutoka kwao, maana chupa ya metali hutiwa asidi kidogo ili risasi isigandame kwenye kuta. Usitumie chupa ya soda. Chota katikati ya mkondo, si pembeni kwenye povu. Chukua sampuli moja sasa, mto ukiwa chini, na nyingine wiki ya kwanza ya mvua za Machi, wakati maji ya jaa yanaposombwa kuteremka. Chukua na udongo wa kitalu, sentimita 20 za juu, kutoka sehemu kama kumi ukauchanganya kwenye ndoo ya plastiki safi, si ya mabati. Andika tarehe na kitalu kwenye kila mfuko kabla hujatoka shambani. Na mboga zenyewe, zipelekwe zikiwa
nusu zimeoshwa na nusu hazijaoshwa, ili mjue ni kiasi gani ni vumbi la juu ya jani na kiasi gani kimeingia ndani.